Uzoefu wangu na uchunguzi wa C&P wa mgongo: digrii zilizopimwa kwa macho

Nyota mbili, na hata hizo natoa shingo upande. Kampuni yenyewe sitaitaja. Ni mojawapo ya zile za kandarasi zinazopewa kazi ya kuwachunguza askari wa zamani wanaodai fidia ya ulemavu kutoka VA, idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani. Uchunguzi huo ndio unaoitwa C&P, yaani wa fidia na pensheni. Mapokezi safi, wahudumu wapole, unaitwa kwa jina lako bila kungojeshwa. Yote hayo hayana faida yoyote, kwa sababu mchunguzi aliingia chumbani bila goniomita.

Goniomita ni kipima pembe cha mikono miwili: mmoja unatulia, mwingine unaufuata mwili unavyopinda. Kinaingia kwenye mfuko wa koti. Kanuni ya serikali ya Marekani, 38 CFR 4.46, inasema wazi kwamba katika kupima viungo vilivyopungukiwa na mwendo, kifaa hiki hakikosekani. Huyu wangu alisimama kando ya kompyuta yake, akasema "inama mbele." Nikainama mpaka maumivu yaliponikamata kiunoni, nikasimama hapo. "Kidogo tena." Nikasogea kidogo huku nimeuma meno, naye akageukia kibodi akaandika 70. Nilipouliza mbona hajapima, akajibu bila kuinua uso: "Nimeifanya kazi hii miaka mingi, macho yanatosha."

Macho hayatoshi! Kwa mgongo wa chini, kuinama mbele kwa kawaida ni digrii 90. Ukiishia juu ya 60 lakini si zaidi ya 85, kiwango cha ulemavu ni asilimia 10. Ukiishia juu ya 30 lakini si zaidi ya 60, ni asilimia 20. Ukiishia 30 au chini yake, ni 40. Vipimo vyenyewe hukadiriwa kwenye digrii tano iliyo karibu, kwa hiyo kati ya 70 na 60 kuna hatua mbili tu, na mtu aliyesimama pembeni akikutazama kwa ubavu anaweza kuzipoteza hatua hizo bila hata nia mbaya. Tena maumivu yanapoanzia ni jambo la kuandikwa peke yake. Mtu akilazimishwa kupita pale alipoanza kuumia, kisha ikaandikwa namba ya mwisho tu, ripoti imekwisha kupotoka.

Atakayesema asilimia kumi si kitu, aiangalie hesabu ya VA. Viwango havijumlishwi kama kawaida. Kila ulemavu unakatwa kutoka kwenye kile kilichobaki cha uzima wako. Mwenye 70 tayari amebakiwa na 30. Mgongo ukipewa 10, anaongezewa 3, inakuwa 73, inashushwa hadi 70: hakupata chochote. Mgongo ukipewa 20, anaongezewa 6, inakuwa 76, inapandishwa hadi 80, na malipo ya kila mwezi yanapanda. Mgongo ni uleule, tofauti imetoka kwenye jicho la mtu mvivu.

Kwa upande wa kuwasilisha madai sina ugomvi mkubwa, na haki yake niiseme. Kufungua fomu 21-526EZ, ile ya kudai fidia, kwenye tovuti ya VA.gov ukiwa umeingia kwenye akaunti yako kunakuwekea tarehe ya kusudio, yaani siku uliyoonyesha nia ya kudai, na una mwaka mzima wa kumaliza huku tarehe ya kuanza kulipwa ikibaki ileile. Nyaraka unazipandisha mwenyewe, na barua ya uamuzi unaipakua hapohapo. Wanaotumia karatasi huweka kusudio kwa fomu 21-0966. Chama cha askari wa zamani kama DAV, American Legion au VFW kitakujazia bure ukikiteua kwa fomu 21-22, na hakuna anayeruhusiwa kukutoza pesa kwa kuandaa dai la kwanza, hata akuahidi asilimia 100. Kwa hatua hii peke yake ningetoa nyota nne.

Lakini faili zuri lote hilo linaishia mikononi mwa mtu mmoja kwa dakika chache, na hapo ndipo mori unaponipanda. Unaweza kuleta picha za MRI, rekodi za kliniki ya kikosi, barua ya daktari inayosema kwamba maradhi yana uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa yametokana na utumishi. Namba ya digrii bado inatoka kwenye ripoti ya uchunguzi. Anayetoa uamuzi hajakuona. Anasoma 70, anaandika 10, na kwa alichosomeshwa hajakosea.

Halafu kuna hili la siku ambazo maumivu yanachachamaa. Nilieleza: siku hizo sifungi kamba za viatu, sikai kwenye gari muda mrefu, nalala sakafuni. Akaandika kwamba hawezi kukadiria bila kubahatisha. Nyota mbili nilizotaja juu naziondoa, ibaki moja! Mahakama ya rufaa ya madai ya askari wa zamani ilishalimaliza hili katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin mwaka 2017: mchunguzi hawezi kukwepa kwa sababu tu hukuja siku ambayo mgongo umechachamaa. Anatakiwa akuulize mara ngapi, muda gani, nini kinayaanzisha, unashindwa kufanya nini, kisha akadirie digrii kwa maelezo hayo. Akishindwa kweli, aeleze kwa nini ameshindwa. Mwaka mmoja kabla yake, kesi ya Correia dhidi ya McDonald ilitaka kiungo kipimwe kikijisogeza chenyewe na kikisogezwa na mchunguzi, kikibeba uzito na kisipobeba, au ielezwe kwa nini haikuwezekana. Mimi niliambiwa niiname, basi. Miguu haikuguswa, wala kinyundo cha kupima mishipa ya fahamu hakikutolewa, na ilhali ganzi inayoshuka mguuni kutokana na mgongo hupewa kiwango chake peke yake, kila mguu na wake.

Kwa anayeandikiwa uchunguzi kama huu: usiukose, maana kukosa bila sababu nzuri kunalifanya dai la kwanza liamuliwe kwa yaliyomo kwenye faili tu, na dai la kuongezewa kiwango hukataliwa. Simama pale maumivu yanapoanzia na useme kwa sauti, "hapa ndipo panauma." Ukiambiwa uendelee, sema unaendelea ukiwa na maumivu. Ukitoka, keti uandike siku hiyohiyo: saa uliyoingia na kutoka, vipi ulipimwa, kifaa kipi kilitumika au hakikutumika, swali gani la siku mbaya uliulizwa au hukuulizwa. Weka maelezo hayo kwenye fomu 21-4138, yapandishe kwenye dai kabla uamuzi haujatoka.

Hilo la "kabla" lina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Uamuzi ukishatoka na ukaomba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996, mpitiaji haruhusiwi kupokea ushahidi mpya. Anaangalia kilichokuwa kwenye faili siku ya uamuzi. Maelezo yako yakiwamo, unaweza kumwonyesha kwa simu, kwenye mazungumzo yasiyo rasmi, kwamba uchunguzi ulikuwa na kasoro na hakuna aliyeshughulika nayo. Yasipokuwamo, njia inayofaa ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, pamoja na ushahidi mpya unaohusika, kwa mfano fomu ya DBQ (hojaji ya VA ya kueleza hali ya ulemavu) ya mgongo iliyojazwa na daktari wako mwenyewe kwa goniomita, digrii zikiwa zimeandikwa moja moja. Ukifanya lolote kati ya hayo ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, tarehe yako ya kuanza kulipwa inalindwa.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba mwenye mgongo ndiye wa mwisho kuiona namba. Ripoti haisomwi mbele yako. Mwakilishi wako wa chama anaweza kuiona kwenye mfumo kabla ya uamuzi, kwa hiyo msumbue, muulize digrii ngapi zimeandikwa. Usiye na mwakilishi unaomba nakala kwa fomu 20-10206 na kusubiri. Ingetosha mchunguzi akusomee digrii ukiwa bado chumbani, ataje na kifaa alichotumia, na nakala ya ripoti ifike kwenye akaunti yako kabla mtoa uamuzi hajaigusa. Kasoro ingekamatwa wiki hiyohiyo, badala ya mpitiaji kuirudisha baadaye na wewe kupangiwa uchunguzi upya, pengine kwa kampuni ileile.

Je, ningewaambia watu waikimbie kampuni hii kabisa? Hapo nasita. Kwa masikio sina sababu ya kuwazuia, kwa sababu kipimo hicho lazima kifanywe na audiolojisti, yaani mtaalamu wa usikivu, mwenye leseni, kwa mashine na kwa jaribio la maneno la Maryland CNC, na mashine haikadirii kwa macho. Kwa mgongo, goti au bega, mtazame mikono mchunguzi anapoingia. Akiwa hana kipima pembe, mwambie akakitafute kabla hujainama.