TAHADHARI: Gari la zamani lililopakwa dawa nyeusi mpya chini

Wakuu, kuna mchezo unaendelea kwa baadhi ya wauzaji wa magari yenye umri mkubwa, na watu wanaingizwa mjini kila uchao. Gari lina miaka 15 au 20, rangi inang'aa, viti vimesafishwa, na muuzaji anakuinamisha mwenyewe uchungulie uvunguni: "Ona chini kulivyo, nimeshalipiga dawa ya kutu, hili halitakusumbua." Unaona weusi mtupu, safi, kutoka mbele hadi nyuma. Unaridhika, unatoa pesa. Ule weusi ndio wa kuogopa.

Dawa yenyewe si utapeli. Ikipakwa kwenye chuma kisafi na kikavu inakilinda vizuri tu. Utapeli ni kuipuliza siku chache kabla ya kuuza, juu ya kutu iliyokwisha kuanza, wakati mwingine hata juu ya matope. Kutu inataka chuma, maji na hewa, basi. Ukifunika unyevu ukiwa ndani umeufungia humo, na dawa ikishapata ufa mdogo maji mengine yanaingia na hayakauki tena. Chuma kinaendelea kuliwa huku mwenye gari akiamini yuko salama.

Gari la shemeji yangu liliuzwa hivyohivyo. Nililiona likiwa limenyanyuliwa gereji. Fundi alichokonoa kwa bisibisi nyuma ya gurudumu la mbele, ile dawa ikabanduka kipande kizima kama gome la mti, upande wa ndani imejaa magamba ya kahawia. Akasukuma tena, kwa mkono tu bila nyundo, na bisibisi ikazama mpaka mpini. Hapo ndipo jeki inapowekwa! Kisha akapitisha sumaku ubavuni, chini ya milango. Ikashika, ikashika, halafu ikadondoka. Ni puti, ile ya kuzibia bodi, isiyoshika sumaku. Alipoikwangua akakuta wavu na povu la kujazia, chuma hakipo. Muuzaji alipopigiwa simu akajibu kwamba gari ni la zamani, mlitegemea nini.

Mnaokwenda kununua, eleweni kwanza kutu inavyotembea, maana muuzaji wa aina hii anakutegemea uangalie nje tu. Ule mhimili wa bodi unaopita chini ya milango ni mtupu ndani. Una matundu madogo ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na udongo na majani, maji yanalala humo. Kutu inaanzia ndani, inakula kuja nje. Na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ikifika karibu na uso inainua rangi na unaona kijipu. Kwa hiyo kijipu kwenye ukingo wa bodi juu ya tairi au chini ya mlango mara nyingi ni habari ya mwisho, ndani kumeshaliwa. Ukikisugua msasa na kupaka rangi umeficha tu, na baada ya muda kinarudi kikubwa zaidi.

Ulizeni pia gari liliishi wapi. Chumvi inaharakisha kutu kupita kiasi, iwe ya upepo wa bahari au ile inayomwagwa barabarani nchi za theluji. Kilomita chache hazisaidii kitu hapa. Gari lililoegeshwa muda mrefu kwenye majani mabichi linaweza kuwa bovu chini kuliko linalotembea kila siku.

Msiende mkiogopa kila doa, lakini. Diski za breki zikilowa usiku zinaamka za rangi ya chungwa na kusafika ukikanyaga breki mara chache. Ekzosi na vyuma vinene vya miguu kuwa na ukahawia juujuu ni kawaida kwa umri huo. Binafsi namwamini zaidi anayenionesha ukahawia wake kuliko anayenionesha weusi wa juzi.

Fundi anayepaka dawa kwa nia njema hufunika kwanza ekzosi, raba na vichwa vya nati. Anayeficha anapuliza vyote. Ukikuta raba zimepakwa dawa, nati zimezama ndani ya dawa na bado inanukia, hapo kuna jambo. Dai gari linyanyuliwe, mchana, likiwa kavu, maana bodi iliyolowa inang'aa na kuficha mengi. Inua zulia la sakafuni, toa tairi la akiba uguse shimo lake kwa vidole, gongagonga ubavu wa chini usikilize mlio unapobadilika. Beba sumaku uliyoifunga kitambaa ili usichubue rangi, ila kumbuka magari mengine yana boneti ya alumini au bampa la plastiki, na hapo sumaku haishiki hata kama pazima. Muuzaji akikataa usichokonoe rangi yake, ana haki. Akikataa gari lisinyanyuliwe kabisa, aga uondoke.

Wengine wanakuongezea kijiboksi kilichounganishwa kwenye betri, eti umeme wake unazuia kutu. Kuzuia kutu kwa umeme kupo kweli, kwa meli iliyo majini na bomba lililofukiwa, kwa sababu maji au udongo unabeba ule umeme. Gari linatembea hewani. Usikilipie hata senti.

Kama umeshauziwa, usiongeze dawa nyingine juu. Ibanduliwe, palipooza pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, na paipu za breki zikaguliwe kwanza kabla ya yote, kwa sababu zikipasuka kwa kutu pedali inazama ukiwa barabarani. Mpaka hapo, mtu asiingie chini ya gari hilo likiwa juu ya jeki.