Sumaku ya mashine ya kusaga: ipi ununue, ipi uiache

Pitisha sumaku ndani ya ndoo ya dona iliyosagwa kwenye mashine ambayo nyundo zake zimeanza kulika, kisha itazame ncha yake. Itakuwa imeota ndevu nyeusi. Hicho ni chuma. Kingine kimetoka kwenye nyundo na chekeche, kingine kimekuja na mahindi: kipande cha waya, msumari wa bodi la lori. Uji wa unga huo wanapewa watoto. Ndiyo maana mwenye mashine wa Uyole, Mbalizi au Makambako akiniuliza anunue nini kabla ya kupaka banda rangi, namwambia sumaku. Zilizopo ni za aina tatu, nami nazipanga hivi.

Ya kwanza ni fimbo za sumaku za neodimiamu, metali inayochanganywa na chuma kupata sumaku kali, zilizofungwa ndani ya bomba la chuma kisichoshika kutu, zikapangwa kama wavu unga unapotokea. Sumaku hizi zilitangazwa mwaka 1983, Japani na Marekani karibu kwa wakati mmoja, na nguvu yake ni ya ajabu: usumaku unaobaki ndani yake ni kama tesla 1.2 hadi 1.4 (tesla ni kipimo cha nguvu ya usumaku), wakati zile nyeusi za ferati, yaani kauri yenye oksidi ya chuma, zina kama 0.4 tu. Vumbi jembamba la chuma halinaswi na sumaku dhaifu, na vumbi hilo ndilo linalofika mezani. Muuzaji atakutajia N35, N42, N52. Namba inapanda kadiri malighafi ilivyo na nguvu, lakini fimbo nene ya N35 inaweza kuishinda nyembamba ya N52, kwa hiyo usilipie namba peke yake.

Ina adui wawili, kutu na moto. Bila bomba inaliwa na kutu na kumeguka vipande, na hutaki vipande hivyo kwenye unga. Ile ya kawaida ikipita nyuzi joto 80 huanza kupoteza nguvu, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Mimi niliwahi kumruhusu fundi achomelee kishikizo huku fimbo zikiwa mahali pake. Jioni yake hazikuweza hata kushika nati. Zitoe kwanza, ndipo mtu awashe mashine ya kuchomelea.

Ya pili ni bamba la ferati, ile nyeusi kama ya spika ya redio. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na neodimiamu, haishiki kutu, na inavumilia joto la nyuzi 250 hivi. Mahali pake ni chini ya bakuli la kumiminia mahindi, idake misumari kabla haijafika kwenye nyundo na kutoboa chekeche. Mwenye mtaji mdogo aanze na hii, fimbo atanunua baada ya mavuno. Ila angalia mfereji wako umetengenezwa kwa bati gani. Ukiibandika nje ya bati la chuma cha kawaida, bati lenyewe linameza nguvu na mahindi yanapita salama na misumari yake. Kata dirisha hapo, uzibe kwa alumini. Na mahindi yapite kwa tabaka jembamba, kwa sababu nguvu ya sumaku inaporomoka haraka mno kadiri chuma kinavyokuwa mbali.

Ya mwisho ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma laini, nacho huwa sumaku umeme unapopita tu. Umeme inaokula si tatizo. Koili yenye ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme) wa omu 6 kwenye volti 12 inavuta ampea 2, sawa na wati 24. Kwa saa kumi haifiki hata robo ya uniti. Tatizo ni joto. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80, ukinzani wake unaongezeka karibu robo, na mkondo unapungua kama sehemu moja ya tano. Asubuhi ya Julai, Mbeya ikiwa na baridi yake, koili dukani itakuvutia sana. Saa nane mchana ni nyingine.

Halafu umeme ukikatika, kila ilichokishika kinaanguka. Mota haisimami papo hapo, unga bado unatoka, na chuma cha asubuhi nzima kinaingia kwenye gunia la mteja wa mwisho. Kwa hilo tu naiweka chini. Tabia hiyohiyo ni faida kwa kiwanda kikubwa chenye mkanda na betri ya akiba: unazima kwa makusudi, chuma kinamwagika pembeni, mikono haichoki kusafisha.

Usinunue kabla ya kupima. Nenda na nati ya chuma, uzi na mizani ya kuning'iniza. Weka kadibodi ya unene wa sentimita moja kati ya sumaku na nati, vuta, soma kilo nati inapoachia. Ukigusisha moja kwa moja, hata sumaku dhaifu inajidai. Koili iache iwake nusu saa ndipo uipime. Na zile ndogo za neodimiamu usiziache watoto wanapochezea: mtoto akimeza mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.