Skrubu ya gololi SFU1605 na mota ya NEMA 23: seti ya kutosha kwa CNC ya nyumbani

Kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga mbao na alumini laini, seti hii inaipita mbali skrubu ya T8, ile nyembamba isiyo na gololi. T8 ina kipenyo cha mm 8 tu; ikiwa ndefu, hupiga mawimbi ikizunguka kwa kasi, na nati yake ya shaba huanza kulegea mapema.

SFU1605 ina kipenyo cha mm 16 na husogea mm 5 kwa mzunguko. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva (kifaa kinachoiendesha mota) ikiwekwa kugawa kila hatua mara 8, hutoa hatua 1600, yaani 320 kwa kila milimita. Mizunguko 600 kwa dakika ni mm 3000, kasi nzuri kabisa kwa mbao.

Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 2 inatosha. Usikimbilie kubwa zaidi: nyingi zina indaktansi kubwa (koili huchelewesha mkondo wa umeme) na nguvu hupungua haraka kasi ikipanda. Tumia umeme wa volti 36, si 12, na draiva ya DM542.

Kasoro ipo kwenye kishikio cha BK12, kinachoshika ncha ya skrubu. Vya bei rahisi huja na beringi za kawaida badala ya zile za kubeba msukumo wa mhimili, basi skrubu inacheza mbele na nyuma hata nati ikiwa nzima. Kaza nati ya kufungia, kisha sukuma skrubu kwa mkono huku geji ya saa (kipimo chenye mshale) ikiwa kwenye ncha, uone kama inacheza.

Nati usiichomoe bila bomba lake la kuzuia gololi, zitamwagika. Na mhimili wa Z, wa juu na chini, uwekee breki au springi: umeme ukikatika, spindo (mota inayozungusha kisu) nzito inaweza kushuka yenyewe.