Darasa la kubadili miguu, Ngamiani: zuri, ila lina pengo moja

Tanga ndiko anakotoka bondia Hassan Mwakinyo, aliyemmaliza Sam Eggington raundi ya 2 kule Birmingham mwaka 2018, kwa hiyo kocha wa ngumi mjini hapa hapimwi kwa maneno. Darasa hili la jioni, kwenye klabu ndogo upande wa Ngamiani, linafundisha jambo moja tu: bondia wa kulia (mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia nyuma) aweze kupigana shoto (mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto nyuma), na wa shoto aweze kupigana kwa mkao wa kulia.

Ubora wake uko kwenye siku za mwanzo. Glavu hazivaliwi. Unachorewa mstari wa chaki sakafuni, unaweka miguu upana wa mabega, kisigino cha nyuma juu, kisha unatembea mbele, nyuma na pembeni kwa mkao usiouzoea. Wengi huona ni adhabu. Lakini anayekimbilia kubadili kabla miguu haijazoea hujikuta imekaa sambamba mbele ya mpinzani, na hapo hata jebu nyepesi, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, humkalisha chini.

Kubadili kwenyewe kunafundishwa inavyotakiwa. Unapiga ngumi ya kulia iliyonyooka, mguu wa kulia unaifuata ngumi mpaka unatangulia, na mkono wa kushoto, ambao sasa uko nyuma na umebeba uzito, unaachiwa palepale. Ngumi ndiyo inayoificha hatua. Kuruka na kubadilisha miguu yote hewani, mtindo ambao vijana wanauiga kwenye video za simu, kunaruhusiwa ukiwa mbali na mkono wa mpinzani tu. Sawa kabisa, maana aliye hewani hana pa kujizuilia.

Kwenye pedi anazoshika kocha ili upige, faida inaonekana wazi. Ukisimama shoto mbele ya bondia wa kulia, mkono wako wa kushoto unatazamana na ini lake, na mguu wako wa mbele ukikaa nje ya wake, mkono wake wa kulia unakosa njia. Gharama ipo pia: ini lako nalo limesogea mbele, hivyo kiwiko cha kulia kisibanduke mbavuni. Kocha halichoki neno hilo.

Pengo ni kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako. Kocha anapiga kelele "badili!" na mwanafunzi anabadili, hata kama hana sababu. Marvin Hagler, shoto mkubwa, mwaka 1987 alianza kwa mkao wa kulia dhidi ya Sugar Ray Leonard, akaziachia raundi za mwanzo na mwisho akapoteza kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Terence Crawford, aliyekuwa akitumia mikao yote miwili, alikuwa akishaona shoto inamlipa anabaki nayo. Jicho hilo la kujua lini ubadili na lini ubaki, darasani halifundishwi. Raundi moja ya dakika 3, kocha akiwa kimya na mwanafunzi akieleza baadaye kwa nini alibadili, ingetosha kuanzia.

Begi zito lipo moja tu, foleni ni ndefu. Njoo na bandeji zako za mikono, na ukiwa hujawahi kabisa kupiga ngumi, maliza kwanza darasa la msingi.