Huduma ya fundi wa majiko ya gesi Malindi: anaanza kwa kuutazama moto

Moto wa jiko letu la gesi, katika nyumba yetu ya Shela hapa Malindi, ulikuwa umegeuka manjano, na kila tulipopika wali wa nazi sufuria ilitoka na masizi chini. Fundi wa kwanza alituuzia riguleta mpya bila hata kuliwasha jiko, na masizi yakaendelea. Ndipo tukamwita huyu wa pili, mwenye karakana ndogo karibu na soko.

Kabla ya kushika bisibisi alizima pangaboi ili upepo usimdanganye, akawasha kichomeo kimoja kimoja, akainama kutazama. “Mama, hivi vimulimuli vya rangi ya machungwa vinavyotokea na kupotea ni chumvi ya bahari na vumbi, havina neno,” alisema. “Lakini huu wa manjano usioondoka unakosa hewa.” Maelezo hayo peke yake yalistahili malipo, kwa sababu gesi ya mtungi isipopata hewa ya kutosha haiungui yote, na pamoja na masizi hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoitegemea kutuonya hutiwa makusudi kwenye gesi yenyewe, kwa hiyo hufichua gesi inayovuja, si sumu hii.

Alipofungua alikuta utando wa buibui ndani ya bomba linalochanganya gesi na hewa, na kutu imeziba nusu ya matundu ya kichomeo kikubwa. Matundu aliyasugua kwa brashi, lakini kile kitundu chembamba cha shaba kinachopitisha gesi alikataa katakata kukichokoa kwa waya, kwa kuwa kikipanuka hupitisha gesi nyingi kuliko hewa iliyopo. Alikiosha tu na kukipuliza. Kisha akafungua kidogo kidogo tundu la hewa hadi moto ukawa wa buluu, akazidisha kwa makusudi ili nione unavyonguruma na kuruka juu ya kichomeo, akarudisha nyuma mpaka ukatulia. Ni mafundi wachache wanaomfundisha mwenye nyumba namna hiyo.

Viungo vyote alivipaka povu la sabuni kutafuta mapovu, akatutaka tuutoe mtungi kabatini, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Kasoro zipo. Aliahidi asubuhi akafika baada ya alasiri, hakutoa risiti, na tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi hakuitazama mpaka nilipomwuliza, nao ulikuwa umepitwa na muda. Hata hivyo nawapendekezea huduma yake wote wanaokaa karibu na bahari, ambako kutu haichelewi. Wamwombe tu auangalie mpira mapema, kabla hajalifunga jiko.