"Respect": ya Otis Redding au ya Aretha Franklin?

Otis ndiye mtunzi wa wimbo huu. Alipoirekodi kwa kampuni ya muziki ya Stax, Memphis, mwaka 1965, ngoma na tarumbeta zilikimbia mbele, naye mwanamume akadai heshima yake arudipo nyumbani. Inachezeka sana, ila haina pa kupumulia.

Aretha aliijengea pumzi hiyo New York, Februari 1967. Akiwa kwenye piano, aliligawa neno herufi kwa herufi, na ndugu zake Carolyn na Erma Franklin wakaitikia. Katikati King Curtis anapuliza saksafoni juu ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilizoazimwa kutoka wimbo wa waimbaji wawili, Sam & Dave; sikiliza jinsi wimbo unavyohama ghafla, kisha unarudi. Anayedai sasa ni mwanamke. Ya Otis iliishia nafasi ya 35 kwenye chati kuu ya Marekani. Ya Aretha ilishika ya kwanza, kwa haki kabisa.