Cherehani ya kudarizi ya kwanza: tazama fremu kabla ya nakshi

Muuzaji wa cherehani za kudarizi hupenda kuanza na idadi ya nakshi zilizomo ndani ya mashine. Usiipe uzito. Nakshi zimejaa kwenye intaneti, za kulipia na za bure, na ukishazoea utataka kuchora za kwako. Kisichoongezeka ukishalipa ni eneo la kudarizi, yaani ukubwa wa mchoro ambao mashine inaweza kuushona bila kitambaa kufungwa upya kwenye fremu, ile duara au mstatili unaokikaza kitambaa. Hicho ndicho kigezo kikuu nilichotumia kupanga orodha hii, kwa anayeanza na anayedarizi kwa kupenda tu.

Ya kwanza ni mashine ya kudarizi pekee yenye eneo la sentimita 13 kwa 18, kama Brother PE900. Jina kwenye taulo, ua kwenye mfuko, nembo kifuani mwa fulana: vyote vinaingia. Mwenye uwezo zaidi aitazame Janome Memory Craft 500E, yenye sentimita 20 kwa 28, ila ajue kwamba fremu ikiwa kubwa, kitambaa hulegea katikati upesi, na kukikaza ni kazi ya kujifunza. Kama tayari una cherehani ya kushonea, sioni sababu ya kutafuta kwingine. Hii inadarizi, ile inashona, na hakuna inayoisubiri nyingine.

Ya pili ni mashine inayoshona na kudarizi. Inamfaa asiye na cherehani kabisa au mwenye meza ndogo. Tatizo ni kwamba nakshi yenye mishono mingi inaweza kuchukua saa nzima, na muda wote huo huwezi kukunja hata pindo la suruali. Ikienda kwa fundi, umebaki bila zote mbili.

Nafasi ya tatu naipa cherehani ya kawaida uliyonayo nyumbani, na naipa kwa moyo wote. Shusha meno yanayosukuma kitambaa au yafunike, weka mguu wa kudarizia, kaza kitambaa kwenye fremu ya mviringo, kisha kiongoze kwa mikono huku sindano ikienda. Mshono wa zigizaga hujaza majani na petali vizuri sana. Hutapata herufi zinazofanana moja kwa moja, lakini utajua kwa vidole vyako mkazo wa uzi ni nini, kwa nini uzi unakatika, na kwa nini kitambaa kinajikunja pembeni mwa nakshi. Mashine inayodarizi yenyewe kwa kompyuta haikufundishi hayo upesi. Anayesita kutoa fedha nyingi aanzie hapa.

Ya nne ni zile za sentimita 10 kwa 10, kama Brother PE535. Zinashona vizuri, lakini mpaka wake utaufikia mapema. Jihadhari na fremu ndefu zinazouzwa kama nyongeza: eneo la kudarizi halikui. Unaugawa mchoro na kuisogeza fremu, na vipande visipokutana sawasawa, kazi yote imeharibika.

Mwisho kabisa ni zenye sindano nyingi, kama Janome MB-4 yenye sindano 4. Zinabadilisha rangi zenyewe, wakati mashine ya sindano moja husimama kila rangi inapoisha ikusubiri utie uzi mwingine. Zinafaa sana kwa kofia pia. Lakini ni nzito, ni ghali, na kwa anayejiburudisha ni mzigo.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha fremu zake zote zipo, mkono unaosogeza fremu unatembea bila kukwama, na volti iliyoandikwa inalingana na umeme wako. Uliza pia inasoma mafaili gani ya nakshi: Brother hutumia PES, Janome JEF. Faili la DST husomwa na mashine nyingi, ila halibebi rangi halisi za nyuzi. Kwa kuchora nakshi zako kuna Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea.

Usimalize fedha zote kwenye mashine. Utahitaji uzi wa poliesta namba 40, uzi mwembamba zaidi wa bobini (uzi wa chini), sindano za kudarizia 75/11, na karatasi ya kukazia inayowekwa nyuma ya kitambaa. Gamu stifu ya kola haichukui nafasi yake. Fulana inataka ile ya kukatwa kwa mkasi, inayobaki nyuma ya nakshi. Kitambaa kigumu kinaridhika na ya kuchanwa. Taulo huongezewa juu ile inayoyeyuka kwa maji, ili mishono isizame kwenye manyoya.

Kabla ya kulipa, omba mashine ijaribiwe kwenye kitambaa cha fulana ulichokuja nacho. Kile kigumu cha maonyesho huficha kasoro. Kisha geuza kazi utazame nyuma ya herufi nene: uzi wa bobini uonekane katikati, kama theluthi moja ya upana. Usipoonekana kabisa, au ukichomoza upande wa juu, mwambie muuzaji arekebishe mkazo na ajaribu tena mbele yako.